Nani Alilipa Karo? Historia ya Masomo ya Chuo Nyeri, na Sisi wa Majengo



Ndugu msomaji, kila mwezi wa Ramadhan tunasomewa darsa za vita vya Badr, manake vilipiganwa tarehe 17 ya mwezi huu, mwaka wa pili wa Hijra. Tunahadithiwa uchache wa Waislamu, visima, na nusura iliyoteremka. Lakini iko sehemu moja ambayo ustadh huipitia mbio kwa sababu saa ya kufuturu imekaribia, nayo ni ile ya mateka.

Makureshi waliotekwa walitakiwa wajikomboe, na fidia ya mtu ilifika hata dirham 4,000. Sasa miongoni mwao walikuwamo wasio na mali ila wanajua kuandika. Hao Mtume (S.A.W.) aliwapa sharti jingine: kila mmoja afunze watoto kumi wa Madina, na wakishajua, basi yeye yuko huru. Zaid bin Thabit (R.A.), ambaye baadaye ndiye aliyepewa kazi ya kukusanya Qur'ani, anatajwa kuwa mmoja wa watoto waliofunzwa hivyo. Na Zaid alikuwa yatima, baba yake alikufa kabla ya Hijra.

Hebu piga hesabu. Madina ilikuwa na shida, Muhajirina wameacha mali zao Makka, na dirham zile zilikuwa na kazi. Zikaachwa zipite ili watoto wajue kuandika. Yaani karo ililipwa, na aliyeilipa hakuwa baba mtu. Ililipwa na mji.

Nimeanza huko mbali kwa sababu barua yangu ya kuitwa chuo kikuu ilipokuja mwaka 2022, nyumbani kwetu Majengo, Nyeri, swali la kwanza la mama halikuwa "utasomea nini?" Alikaa kimya kidogo, akakunja ile karatasi, akauliza: "Nani atalipa?" Swali hilo lilinikaa. Likizo zilizofuata nimekuwa nikisoma vitabu vya historia ya huku kwetu mlimani na kukaa na wazee baada ya swala, nikiuliza jambo moja tu: waliotangulia kusoma chuo katika miji hii, nani aliwalipia?

SHULE YA MISHENI NA CHUO CHA QUR'ANI

Mji wa Nyeri ulianza kama kituo cha Waingereza mwaka 1902. Wamishonari hawakuchelewa. Wakatoliki wa Consolata wakakaa Mathari, Wascotland wakakaa Tumutumu upande wa Karatina, na kwa miaka mingi mtoto aliyetaka kalamu ilibidi apite mlangoni kwao. Huo mlango ulikuwa na bei yake, na bei haikuwa pesa peke yake. Mtoto aliingia na jina moja akatoka na jingine.

Watu wa Majengo, msomaji, unawajua. Ni wazao wa askari na wapagazi, Wanubi, Waswahili wafanyabiashara waliopanda kutoka pwani, na Wakikuyu waliosilimu wakahamia mjini. Nyeri, Nanyuki, Embu, Meru, kote kuna Majengo, na kote hadithi ni moja. Wazee wetu waliogopa mlango ule, na hawakuogopa bure. Wakawapeleka watoto chuoni. Na uangalie neno hilo: kwa bibi yangu mpaka leo "chuo" ni mahali pa msahafu. Nilipomwambia naenda chuo kikuu aliniuliza kama huko kuna tajwidi.

Kitu nilichojifunza ni kwamba hatukuwa peke yetu kuukataa mlango wa misheni. Mwaka 1929 Wakikuyu wengi walikosana na wamishonari juu ya mila zao, wakatoa watoto wao shuleni. Lakini hawakuishia kukataa. Walijenga shule zao wenyewe kwa michango, chini ya vyama kama KISA, ambacho rais wake alikuwa Johana Kunyiha, mtu wa Nyeri hapa hapa. Mwaka 1939 Mbiyu Koinange, aliyekuwa amerudi kutoka vyuo vya Marekani, akaanzisha chuo cha ualimu Githunguri, Kiambu. Pesa zake zilichangwa kwa marika. Rika hili likitoa, rika lile halikubali kushindwa. Serikali ya kikoloni ilizifunga shule hizo Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka 1952, lakini watu walikuwa wameshaijua njia.

Sisi tulikataa mlango wa misheni na tukakaa nyumbani. Nalisema hili kwa adabu mbele ya wazee wangu, maana walikuwa wachache, na mkononi hawakuwa na ardhi. Lakini tarehe ni tarehe.

KONDAKTA WA BASI NA MSICHANA WA IHITHE

Watu wawili wa Nyeri wanajulikana dunia nzima, na wote wawili habari zao za karo zina funzo.

Wa kwanza ni marehemu Mwai Kibaki, mtoto wa Gatuyaini, Othaya. Kabla ya kuingia Makerere mwaka 1951, na kabla ya kupata ufadhili wa kwenda London, alikuwa kijana anayefanya kazi ya kondakta wakati wa likizo katika mabasi ya Othaya African Bus Union. Rais wa tatu wa Kenya, msomaji, alikata tikiti. Mimi nikiwaona vijana wetu wanaona haya kubeba beseni la mama yao la mandazi, namkumbuka huyu.

Wa pili ni Wangari Maathai wa Ihithe, Tetu. Septemba 1959 Tom Mboya na marafiki zake wa Marekani walikuwa wamefaulu kukodi ndege ya kwanza, ikabeba wanafunzi 81 kwenda kusoma huko. Mwaka uliofuata pesa zikapungua, Mboya akamwendea John Kennedy, na taasisi ya familia yake ikatoa dola 100,000. Wangari alikuwa mmoja wa takriban 300 waliokwenda mwaka huo wa 1960. Akasoma biolojia katika chuo cha masista huko Kansas, na mwaka 2004 akapewa tuzo ya Nobel ya amani. Lakini usidhani Wamarekani walilipa kila kitu kwa kila mtu. Ndege ni kitu kimoja. Sanduku, viatu, koti la baridi na pesa za mfukoni zilitoka nyumbani, kwa karamu za chai ambazo kijiji kizima kilialikwa kuchangia.

Kwa hiyo hata pale palipokuwa na mfadhili, mkono wa nyumbani ulitangulia.

SENTI ZA KAHAWA

Hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Kwa muda mrefu wa ukoloni Mwafrika wa Nyeri hakuruhusiwa kupanda kahawa. Wenzetu wa Meru na Embu waliruhusiwa kwa majaribio katika miaka ya 1930, lakini Nyeri ilingoja mpaka karibu na wakati wa mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Baada ya hapo miti ilienea Tetu, Othaya, Mathira na Mukurweini, na kila mkulima akawa mwanachama wa sosaiti. Sasa sosaiti haikuwa mahali pa kupeleka buni peke yake. Mzazi mwenye mtoto wa sekondari alikwenda ofisini, akaandikiwa hundi ya karo kwa jina la shule, na deni likakatwa kwenye malipo ya kahawa yake yakija. Mtoto aliingia shule Januari kwa matunda ambayo bado yalikuwa mtini.

Watu waliozoea kukatwa hivyo hawakuona ajabu kukatwa kwa ajili ya chuo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilizuka harakati kubwa ya harambee nchini ya kujenga vyuo vya ufundi, kila mkoa unataka chake. Nyeri ikaanza Kimathi Institute of Technology mwaka 1972, kwa michango ya wananchi na wakulima wa kahawa wakiwa mbele. Wengi waliotoa hawakuwa na mtoto aliyefika kidato cha nne. Walitoa kwa ajili ya watoto wasiowajua, na wengine ambao hawajazaliwa. Chuo hicho mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya JKUAT, na Desemba 2012 kikapata hati yake, ndicho Dedan Kimathi University of Technology cha leo, na kahawa bado inalimwa pale pale chuoni. Murang'a, Kirinyaga na Meru nazo zina vyuo vikuu vilivyoanza kama vyuo vya ufundi vya harambee.

Kutoka 1972 hadi 2012 ni miaka 40. Aliyetoa senti zake akiwa na miaka 35 aliiona hati akiwa na 75, kama aliiona.

Nisije nikakupamba, mambo hayakwenda vizuri siku zote. Mwaka 1975 baridi kali iliua kahawa ya Brazil, na miaka miwili iliyofuata bei huku kwetu ikapaa, watu wakajenga na kusomesha. Halafu mwaka 1989 mkataba wa kimataifa wa kugawana soko la kahawa ulivunjika na bei ikaanguka. Na wakati huo huo serikali nayo ikabadilika. Hapo nyuma chuo kikuu kilikuwa karibu bure: hata mkopo ulioanzishwa mwaka 1974 ulikuwa na posho ambayo wanafunzi waliiita "boom", na wako waliotuma sehemu yake nyumbani kwa wazazi. Mwaka 1991 ukaletwa mpango wa kuchangia gharama, posho ikafa, na mwaka 1995 ikaundwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB. Kwa hiyo mzazi wa Nyeri alipigwa mara mbili katika miaka miwili mitatu: kahawa imeanguka, na karo imepanda. Ilipofika 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanza masomo ya kujilipia, na hapo wenye mashamba wakaanza kuuza vipande. Walioponea ni wenye majani chai, ambao husubiri bonasi ya Oktoba.

SISI TULIKUWA WAPI?

Majengo hakuna kahawa. Hili ndilo jibu fupi. Mzee wa Majengo alikuwa na nyumba ya vyumba sita, anaishi kimoja au viwili, vingine anapangisha. Hakuwa na sosaiti ya kumwandikia hundi. Pesa yake ilikuja mwisho wa mwezi na ikaliwa mwezi huo huo.

Sitaki useme Waislamu hawakufanya kitu. Mwaka 1945 huko Mombasa iliundwa East African Muslim Welfare Society, na Aga Khan wa wakati huo akaweka sharti zuri sana: Waislamu wakitoa shilingi moja, naye anatoa moja. Misikiti na shule nyingi za Afrika Mashariki zilijengwa hivyo. Mwaka 1951 chuo cha ufundi cha Waislamu, MIOME, kikaanza kusomesha Mombasa kwa pesa zake, za Sultani wa Zanzibar, za Mabohora na za serikali. Leo ni Technical University of Mombasa. Chuo Kikuu cha Madina kilifunguliwa mwaka 1961, masomo bure na posho juu. Mwaka 1988 kikafunguliwa kile cha Mbale, Uganda. Na tangu 1983 Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ya Jeddah inasomesha vijana wa Kiislamu katika nchi ambazo si wanachama wake, Kenya ikiwamo, katika udaktari, uhandisi na mfano wa hayo.

Huu mpango wa Jeddah nataka uusikilize vizuri. Kwa jamii ni msaada, kwa mwanafunzi ni mkopo usio na riba. Akimaliza na kupata kazi anarudisha kidogo kidogo, na anachorudisha hakiendi Jeddah. Kinabaki katika mfuko wa Waislamu wa nchi yake kisomeshe mwingine.

Lakini nafasi hizi zote ni za kuomba na kushindania, na zote ziko mbali na Majengo. Mtoto anayepata A za hesabu na fizikia huenda akazipata. Mtoto wa C+ anayetaka ualimu, je?

HARAMBEE YANGU

Nirudi kwa ile barua iliyokunjwa. Karo yenyewe kwa sisi tulioitwa na serikali wakati huo ilikuwa kama Sh 16,000 kwa mwaka, bila chumba, bila chakula, bila nauli. Si pesa za kutisha. Lakini barua ilikuja na wiki tano tu mbele yake, na nyumbani hakukuwa na akiba ya hata wiki moja.

Basi wazee wakaitisha harambee, Jumapili, kwenye uwanja wa madrasa. Kadi zikachapishwa, viti vikakodiwa, mheshimiwa mmoja akaalikwa. Jioni ile kilitangazwa kwa kipaza sauti kiasi cha Sh 41,000, takbir zikapigwa, mama akalia. Kesho yake tulipohesabu, pesa taslimu zilikuwa 17,500 na zilizobaki ni ahadi. Ahadi ya mheshimiwa ilikuwa 10,000. Baba alifuatilia miezi mitatu, mara yuko Nairobi, mara mkutanoni, mpaka akachoka. Ukitoa viti na kipaza sauti, tulibaki na karo ya muhula mmoja na nusu ya pili.

Baadaye niliketi nikafanya hesabu ambayo ilipaswa kufanywa nikiwa darasa la pili. Mama huuza mandazi kila siku. Shilingi 20 kwa siku ni 7,300 kwa mwaka, na kwa miaka kumi ni 73,000. Karo ya miaka minne ilikuwa 64,000. Shilingi 20, msomaji. Simlaumu mama, maana hakuna aliyemwambia, na sosaiti ya mandazi haikuwako ya kumkata.

Mwaka wa pili niliomba mkopo wa HELB, nikapata Sh 40,000. Nalisema waziwazi kwa sababu wengi wetu tunaficha. Mkopo huo umekuwa na riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Kwenye deni la Sh 160,000 hiyo ni 6,400 kila mwaka. Mimi nimekaa chuoni tangu juzuu ya kwanza na ninajua maana ya riba. Masheikh wametofautiana: wako waliokataza kabisa, wako walioruhusu kwa dharura. Mimi si mufti. Ninachokijua ni kwamba nilijaza fomu ile usiku na sikulala vizuri, na kama mji wangu ungekuwa na mfuko, nisingeijaza.

Na waliokuja nyuma yangu wana mzigo zaidi. Mwaka 2023 serikali ilileta utaratibu mpya wa kufadhili vyuo, wanafunzi wakapangwa kwa makundi kulingana na uwezo wa nyumbani, na karo ya kozi ikaandikwa kwa gharama yake halisi. Ukapingwa mahakamani, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema unakwenda kinyume na Katiba. Sheria hubadilika kila mara. Mzazi anayengoja barua ndipo apange atakuwa anapanga kwa bei asiyoijua.

VYUMBA VYETU

Wazee wetu wa zamani hawakuwa na kahawa pia, ndugu msomaji. Nidhamul-Mulk alipofungua madrasa yake Baghdad mwaka 1067, ile ambayo Imam Ghazali alikuja kufundisha, hakusema atakuwa akitoa mfukoni kila mwezi. Aliweka wakfu mali yenye mapato, na mapato hayo yakalisha walimu na wanafunzi. Al-Azhar ya Cairo nayo iliishi kwa wakfu, na wanafunzi kutoka nchi za mbali walikuwa na mabaraza yao pale, hata watu wa pembe ya Afrika walikuwa na la kwao.

Duka, shamba, nyumba ya kupanga. Nilipoyasoma hayo nilicheka peke yangu maktabani, maana sisi Majengo tulichonacho ni hicho hicho. Tuna vyumba.

Nilikwenda kwa bibi yangu nikamweleza, tena kwa lugha ya sosaiti, kwamba mkulima alikatwa kabla pesa haijafika mkononi. Akaniuliza chumba kimoja ni ngapi kwa mwaka. Nikamwambia cha Sh 2,500 kwa mwezi ni 30,000. Akanyamaza. Baada ya Idd akawaita wanawake wenzake wanne wenye nyumba. Mmoja alikataa akisema chumba hicho ndicho dawa zake za sukari, na hakuna aliyemlaumu. Mwingine alisema atatoa lakini asome mvulana tu, hapo pakawa na maneno, na bibi yangu akamkumbusha msichana wa Ihithe. Waliobaki walikubaliana hivi: kodi ya chumba kimoja kwa kila nyumba, miezi minne kwa mwaka, mpangaji anampa maalim moja kwa moja bila kupita mkononi mwa mwenye nyumba. Atakayesomeshwa atarudisha bila riba akianza kazi. Wauza mandazi, mama yangu akiwa wa kwanza, wanatoa shilingi 20 kwa siku. Kila kitu kinaandikwa katika daftari, na daftari husomwa mbele ya watu kila mwezi, kwa sababu pesa za umma zimeshavunja udugu kwa mambo madogo kuliko haya.

Dada yangu atafanya KCSE mwaka 2027. Katika daftari lile jina lake liko la tatu, juu yake wapo wavulana wawili wa mtaa wa pili. Pesa zilizopo zinatosha mmoja, na kwa kubana labda wawili. Bado mimi sijaanza kurudisha za kwangu.

Mkutano ujao ni Jumapili ya pili baada ya Idd, baada ya swala ya alasiri, pale pale madrasa. Hatutakodi viti. Mwenye chumba aje na daftari lake la kodi, mwenye beseni aje na ishirini zake, na mzazi mwenye mtoto wa darasa la kwanza akae mbele.

Wabillahi tawfiq.